Kwa Nini Big Bird Alishuka Mtaani

Julai 1969, miezi minne kabla ya Sesame Street kuanza kuonyeshwa Marekani, waandaaji wake walipeleka Philadelphia vipindi vitano vya majaribio, kila kimoja cha saa nzima, wakavionyesha kwa watoto wa umri wa chekechea. Matokeo yaliwatia hofu. Vikaragosi vya Jim Henson vilipotokea, watoto walitulia. Filamu fupi za herufi na namba nazo ziliwashika. Lakini kila picha iliporudi mtaani, pale watu wazima walipokuwa wakizungumza ngazini na mbele ya duka, macho ya watazamaji yalihama. Na mtaa huo ndio uliobeba kipindi kizima, hata jina lake. Chanzo cha tatizo hakikuwa fumbo. Wanasaikolojia washauri walikuwa wameonya kwamba mtoto mdogo akiona viumbe vya kubuni vikichanganyika na watu halisi atashindwa kujua kipi cha kweli na kipi cha hadithi. Kwa hiyo vikaragosi vilitengewa mahali pake na watu mahali pao. Baada ya Philadelphia ushauri huo ukawekwa kando. Henson na wenzake wakabuni wakazi wawili wapya wa mtaa: Big Bird, ndege wa manjano aliyewapita watu wote kwa urefu, na Oscar, mnuna anayeishi ndani ya pipa la taka. Sehemu za mtaani zikarekodiwa upya, na tarehe 10 Novemba kipindi kikaenda hewani.

Historia ya Sesame Street husimuliwa mara nyingi kama historia ya vipaji: Henson na mikono yake, Joe Raposo na nyimbo zake, Jon Stone na uongozaji wake. Vipaji vilikuwapo, na bila hivyo kusingekuwa na la kusimulia. Hata hivyo vipaji peke yake havielezi kwa nini kipindi hiki kilidumu zaidi ya nusu karne huku vingine vingi vyenye vikaragosi vizuri vikisahaulika. Ninavyoona mimi, kilichokitofautisha ni utaratibu wa kazi uliompa mtoto asiyejua kusoma haki ya kumpinga profesa, na kushinda. Big Bird ni tunda la utaratibu huo. Wataalamu walimkataa kabla hajazaliwa, na watoto wakamdai bila kutamka neno.

Utaratibu huo ulitokana na mazingira ya miaka ile. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa Head Start wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla ya kuingia shule, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba wengi wao walianza darasa la kwanza wakiwa tayari wameachwa nyuma. Madarasa hayakutosha, lakini karibu kila nyumba ilikuwa na televisheni. Mwaka uliofuata, katika chakula cha jioni nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa televisheni wa New York, Lloyd Morrisett wa shirika la Carnegie alieleza jinsi binti yake wa miaka mitatu alivyokuwa akiamka alfajiri na kukaa mbele ya televisheni, akitazama mistari ya kupimia mitambo hadi matangazo yaanze. Akauliza kama chombo chenye mvuto kiasi hicho kinaweza kufundisha. Cooney alifanya uchunguzi na kuandika ripoti. Mwaka 1968 likaundwa shirika la Children's Television Workshop kwa dola milioni 8, nusu kutoka serikalini na nyingine kutoka mifuko ya kibinafsi kama Carnegie na Ford. Cooney alikuwa ameshaona kwamba watoto wadogo hukariri nyimbo za matangazo ya biashara, ya bia yakiwamo, bila mtu kuwafundisha. Kama tangazo linaweza kumuuzia mtoto kitu asichokihitaji, lingeweza pia kumuuzia herufi. Ndiyo maana kila kipindi kilitaja herufi na namba zilizokidhamini, kama kampuni zinavyotajwa.

Majira ya joto ya mwaka 1968 zilifanyika semina tano chini ya Gerald Lesser, profesa wa saikolojia wa Harvard, zikawakutanisha walimu wa chekechea, madaktari wa akili, waandishi wa vitabu vya watoto na watu wa televisheni. Miongoni mwa washauri alikuwa Chester Pierce, daktari Mweusi wa magonjwa ya akili, aliyeamini kwamba televisheni ilikuwa ikiwafundisha watoto Weusi kujidharau, na kwamba chombo hichohicho kingeweza kuwafundisha kinyume chake. Mtaa wa kawaida wa New York, wenye pipa la taka, ngazi za kuingilia nyumbani na majirani Weusi na Weupe wanaoheshimiana, ulikuwa somo lenyewe, hata dakika ambazo hakuna herufi iliyotajwa. Mume na mke wa kwanza wa mtaa ule, Gordon na Susan, walikuwa Weusi, jambo lililokuwa nadra mno kwenye televisheni ya Marekani ya wakati huo.

Semina zilitoa malengo. Kazi ya kupima kama malengo yanafikiwa ilikuwa ya Edward Palmer, mkuu wa utafiti, na kifaa alichokitumia kinastahili kutazamwa kwa makini, maana urahisi wake ndio uliokifanya kiwe na nguvu. Televisheni iliwekwa ikionyesha kipande cha majaribio. Kando yake uliwekwa mtambo wa slaidi uliobadilisha picha kila baada ya sekunde saba na nusu, picha za kuvutia zisizohusiana na kipindi. Mtafiti aliketi akitazama uso wa mtoto, akiandika ni wakati gani macho yalikuwa kwenye kipindi na ni wakati gani yalihamia kwenye slaidi. Mtoto hakuulizwa amependa au hakupenda, kwa sababu mtoto wa miaka minne akiulizwa na mtu mzima hutafuta jibu la kumfurahisha. Macho yake hayana adabu hiyo. Kilichopatikana ni mchoro wa kipindi sekunde kwa sekunde, ukionyesha ni sentensi ipi iliyompoteza mtazamaji na ni tendo lipi lililomrudisha. Mtayarishaji aliyekuwa na hakika kwamba kipande chake kinachekesha alionyeshwa karatasi hiyo, na mabishano yakaishia hapo.

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapa, na si dogo. Kushika macho si kufundisha. Tangazo la soda nalo hushika macho, na kipindi kinachoongozwa na macho ya mtoto kinaweza kugeuka mtumwa wa kelele, rangi na kasi. Waliosema hivyo walikuwa watu wazito. Nchini Uingereza, Monica Sims, mkuu wa vipindi vya watoto vya BBC, alikataa kukinunua, akiona kwamba malengo yake yana ukali wa kimabavu na kwamba kinataka kuzibadili tabia za watoto. Kikaonyeshwa huko na stesheni za ITV. Mwalimu na mwandishi John Holt alilalamika mwaka 1971 kwamba kinaiga shule yenyewe, kikimzoesha mtoto kutafuta jibu sahihi badala ya kufikiri. Ukitazama vipande vya mwanzo, vilivyofuatana mbio kama matangazo, unaelewa hofu ilikotoka.

Lakini kimoja cha vipande vilivyofanya vizuri katika majaribio hayo kilikuwa cha polepole kuliko vyote. Mwigizaji James Earl Jones, kwa sauti yake nzito na macho makali, alizitaja herufi za alfabeti moja moja, kila herufi ikitokea kando ya kichwa chake kwanza, kisha kimya kirefu, kisha jina lake. Hakuna wimbo, hakuna karagosi. Watafiti waligundua kwamba mtoto akikiona mara ya kwanza huirudia herufi baada ya Jones kuitamka. Akikiona mara kadhaa, huitaja katika ule ukimya, kabla Jones hajafumbua mdomo. Akizidi kukiona, huitaja kabla hata haijatokea. Kile kimya ambacho mtayarishaji yeyote wa televisheni angekikata ndicho kilichomwachia mtoto nafasi ya kufanya kazi. Kipimo cha macho, basi, hakikupendelea kasi kama wakosoaji walivyodhani. Kilipendelea kipande kinachomwacha mtoto afanye jambo, na Workshop isingelijua hilo kwa kukaa mezani.

Hapo ndipo vazi la Big Bird linapopata maana. Ndani yake aliingia Caroll Spinney, aliyemchezesha kwa karibu miaka hamsini na ambaye pia ndiye aliyekuwa Oscar. Ndege ana urefu wa futi 8 na inchi 2, karibu mita mbili na nusu. Spinney aliuinua mkono wake wa kulia juu ya kichwa na kuushikilia huko, kiganja kikiwa ndani ya kichwa cha ndege kufungua na kufunga mdomo, kidole kidogo kikiendesha kope. Mkono wa kushoto ulikuwa bawa la kushoto. Bawa la kulia lilijazwa tu, likaunganishwa na la kushoto kwa uzi wa kuvulia samaki uliopita shingoni, hivi kwamba moja likishuka jingine linapanda. Hakukuwa na tundu la kuchungulia. Kifuani alifunga kioo kidogo cha televisheni kilichomwonyesha picha ileile iliyokuwa ikirekodiwa, na kurasa za maneno yake zilibandikwa mlemle ndani. Alitembea mtaani kwa kujitazama kama mtazamaji anavyomtazama.

Mwanzoni Big Bird aliandikwa kama mshamba mjinga wa kuchekesha. Spinney ndiye aliyeona kwamba anafaa kuwa mtoto, na polepole akawa mtoto wa miaka sita mwenye mwili wa jitu. Hapo kikapatikana kitu ambacho watu wazima wa mtaani wasingeweza kukitoa wenyewe kwa wenyewe: mkazi asiyejua. Aliposoma alfabeti nzima kama neno moja refu na kujiuliza maana yake, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akitazama alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu yeye alijua zaidi. Karagosi aliyefungiwa kwenye jukwaa lake asingeweza kumuuliza Gordon swali. Akiwa mtaani anauliza, anakosea, anafundishwa mbele ya macho yetu bila kuaibishwa, na mtazamaji anasomea mgongoni kwake. Wale wanasaikolojia walikuwa na sababu nzuri ya kuogopa mchanganyiko wa viumbe na watu. Walichokosa ni kipimo. Kipimo kilipokuja, watoto walionyesha kwamba ndege wa manjano kuzungumza na muuza duka hakuwasumbui hata kidogo.

Muuza duka huyo, Bwana Hooper, aliigizwa na Will Lee, aliyefariki Desemba 1982. Njia nyepesi zilikuwapo: kumtafuta mwigizaji mwingine, au kusema mzee amestaafu na kuhamia mbali. Baada ya kushauriana na wataalamu, Workshop iliamua kusema kwamba amekufa, kwa neno hilohilo, bila kusema amelala, kwa kuwa mtoto aliyeambiwa hivyo huogopa kulala. Kipindi kilijaribiwa kwanza, kisha kikaonyeshwa tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ambayo wazazi wako nyumbani na wanaweza kujibu maswali. Big Bird anawagawia majirani picha alizowachora, anamtafuta Hooper ampe yake, anakumbushwa kwamba amekufa, anasema atampa atakaporudi, na akiambiwa hatarudi anauliza kwa nini. Mtu mzima asingeweza kuuliza swali hilo kwenye televisheni. Kiumbe mwenye manyoya, mrefu kuliko wote na mdogo kuliko wote, aliweza.

Mtu anaweza kusema kwamba kipindi cha Hooper kingefanikiwa hata bila watafiti, kwa uandishi wake tu. Huenda. Ushahidi wenye uzito zaidi ni kipindi kilichotupwa. Mwaka 1992 Workshop ilitengeneza kipindi kuhusu talaka, ambamo wazazi wa Snuffy, rafiki mkubwa wa Big Bird, wanaachana. Kiliandikwa kwa uangalifu uleule, kikarekodiwa, kikakamilika. Kilipopelekwa kwa watoto wa chekechea, wengi hawakuelewa baba wa Snuffy anaishi wapi sasa, wengine wakadhani hatamwona mwanawe tena, na wengine wakaondoka wakiamini kwamba wazazi wakigombana tu basi wataachana. Watoto walikuwa wamekitazama. Kama kipimo kingekuwa macho peke yake, kingepita. Walipoulizwa walichoelewa, walikuwa wameelewa kitu cha kutisha. Fedha zilikuwa zimeshatumika, lakini kipindi hakikuonyeshwa kamwe. Ni taasisi chache za televisheni, za nchi yoyote, zilizowahi kuitupa kazi iliyokamilika kwa sababu watoto wadogo waliielewa vibaya, na sioni jibu jingine la dhati kwa wanaosema kwamba Sesame Street ilikuwa biashara ya kuteka macho.

Pingamizi la pili ni la takwimu na linahitaji uvumilivu. Shirika la upimaji la Educational Testing Service, kupitia Samuel Ball na Gerry Ann Bogatz, lilipima msimu wa kwanza na kutangaza kwamba waliotazama zaidi walijifunza zaidi, maskini kwa matajiri. Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake waliyapitia matokeo hayo upya na kuonyesha udhaifu mkubwa. Familia zilizopimwa zilikuwa zikitembelewa na kuhimizwa kutazama, kwa hiyo sehemu ya faida huenda ilitoka kwa mgeni mlangoni, si kwa televisheni. Vilevile, kama watoto wa familia zenye uwezo wanakitazama zaidi, kipindi kilichokusudiwa kupunguza pengo kinaweza kulipanua. Hoja hiyo haikuwa ya uadui, na kwa miaka mingi haikuwa na jibu kamili, kwa sababu kipindi kilipendwa kiasi kwamba lilikuwa jambo gumu kupata watoto wasiokitazama wa kulinganisha nao.

Jibu lilikuja baada ya miongo minne, kutoka kwenye kasoro ya mitambo. Mwaka 1969 sehemu nyingi za Marekani zilipokea stesheni ya elimu kwa masafa ya UHF, ambayo televisheni nyingi za wakati huo ziliyanasa kwa shida au hazikuyanasa kabisa. Takriban theluthi moja ya watoto wa nchi waliishi mahali ambapo kipindi hakikuonekana, na hilo halikutokana na utajiri au umaskini wa wazazi wao. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walitumia tofauti hiyo. Watoto waliokuwa katika maeneo yenye mawimbi mazuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa katika darasa linalolingana na umri wao, na faida ilijitokeza zaidi kwa wavulana, kwa watoto Weusi na kwa wale wa maeneo yenye hali ngumu. Hofu ya pengo kupanuka, basi, haikuthibitika. Kwa upande mwingine, utafiti huohuo haukuona athari iliyo wazi katika kiwango cha mwisho cha elimu walichofikia. Kipindi kiliwavusha kizingiti cha shule, hakikuwabeba hadi chuo, na ni haki kukidai kile tu ambacho ushahidi unakipa.

Kuna jambo moja ambalo majaribio hayakuweza kuliamua, na hapa wakosoaji wana hoja ninayoikubali. Kumpima mtoto hukuonyesha njia ipi inafika, hakukuonyeshi uende wapi. Mei 1970 tume ya televisheni ya elimu ya Mississippi ilipiga kura kutokionyesha kipindi, kwa kuwa kilionyesha Weusi na Weupe wakiwa pamoja, na kwa maoni ya wajumbe wake jimbo halikuwa tayari kwa hilo. Habari zilivuja kwenye magazeti na siku 22 baadaye uamuzi ukageuzwa, lakini hakuna mtambo wa slaidi uliotumika upande wowote. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Roosevelt Franklin, karagosi wa rangi ya zambarau aliyebuniwa na Matt Robinson, mwigizaji wa kwanza wa Gordon. Alizungumza kama mtoto Mweusi wa mjini, na watoto walimpenda. Baadhi ya wazazi Weusi waliona kwamba darasa lake lenye vurugu linawadhalilisha watoto wao, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa ameondolewa. Kwa macho ya watoto angebaki. Waliomwondoa walikuwa wazazi, kwa sababu za heshima na historia, na walikuwa na haki ya kusikilizwa. Utaratibu wa Palmer ulikuwa na mipaka, na Workshop ilifanya vizuri zaidi pale ilipoikumbuka.

Kipindi kilipoanza kusafiri, kwanza Mexico na Brazil mwaka 1972 na Ujerumani mwaka uliofuata, kilichosafirishwa kwa kweli kilikuwa utaratibu huo. Kila nchi iliunda malengo yake na wataalamu wake, ikajenga mtaa wake na kubuni viumbe vyake, na kwa kawaida ikawapima watoto wake. Afrika Kusini ilianza Takalani Sesame mwaka 2000, na miaka miwili baadaye ikamleta Kami, karagosi anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye hakuna mtaa wa Marekani uliomhitaji kwa namna hiyo. Tanzania ikapata Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, ikibeba hesabu na herufi pamoja na habari za malaria, na kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na televisheni ilitolewa pia kwa redio na vitabu. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2010 na Dina Borzekowski na Jacob Macha, uliwafuata watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe kwa wiki sita. Waliowashika vizuri wahusika wa Kilimani, mjini na kijijini, ndio waliopiga hatua zaidi katika kusoma, kuhesabu, kuishi na wenzao na kuielewa malaria, hata baada ya watafiti kuzingatia umri, mahali wanapoishi na hali ya nyumbani. Ni kundi dogo na muda mfupi, na halitoshi kumaliza mjadala wowote kuhusu televisheni na mtoto wa Kitanzania. Linatosha kuonyesha kwamba swali lililoulizwa Philadelphia, mtoto ameona nini na ameelewa nini, linaweza kuulizwa Kisarawe kwa gharama ndogo kuliko ya kutengeneza vazi moja la manyoya.